Kupima gari la haibridi la familia katika safari za kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kujua haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, inafanyaje kazi pale inapotumika kweli: kupeleka watoto shule, kwenda kazini, kubeba mizigo, na safari ndefu ya mara moja moja. Anayetafuta spidi ya juu kabisa hatapata kitu hapa.

Haibridi ziko za aina ngapi, na majibu haya yanahusu ipi?

Zinazouzwa kwa jina hilo ni tofauti sana. Ya kwanza ni haibridi nyepesi ya volti 48: mota ndogo inasaidia injini, lakini kwa kawaida haiwezi kusukuma gari peke yake. Ya pili ni haibridi kamili, kama Toyota Prius iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997. Hii inatembea kwa umeme, kwa petroli, au kwa vyote pamoja, na inajichaji yenyewe. Ya tatu unaichomeka ukutani, na betri yake ni kubwa zaidi.

Nissan e-Power, iliyokuja na Note mwaka 2016, ni haibridi kamili ya namna yake. Injini ya petroli kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Magurudumu yanazungushwa na mota peke yake.

Tunazungumzia haibridi kamili, kwa kuwa ndiyo familia nyingi zinayo.

Kwa nini silipati lile ongezeko la kilomita kwa lita lililoandikwa kwenye karatasi za gari?

Kwa sababu namba ile ilipatikana maabara, gari likiwa juu ya rola, na inategemea lilipimwa kwa utaratibu upi. Kipimo cha zamani cha Japani, JC08, kilikuwa na wastani wa kilomita 24 hivi kwa saa, na spidi ya juu haikufika 82. Huo ni mwendo ambao haibridi inaupenda mno. WLTP, iliyoanza kutumika Ulaya mwaka 2017, ina wastani wa kilomita 46 hivi kwa saa na inagusa 131. Ndiyo maana gari lilelile linaweza kuwa na namba mbili zilizoachana mbali, na zote zikawa za kweli. Ukilinganisha magari mawili, hakikisha namba zao zimetoka kwenye kipimo kimoja.

Sababu ya pili iko kwako: safari fupi. Injini ikiwa baridi, kompyuta huiwasha hata kama betri imejaa, ili mfumo wa kusafisha moshi upate joto. Mtu anayekwenda kilomita 2, anazima gari, halafu jioni anarudi kilomita 2, anaulipia muda huo wa kupasha kila safari na hafiki kwenye faida yenyewe. Haibridi nzuri kabisa ikitumika hivyo itakula kama gari la kawaida lenye injini ndogo. Mwenye safari za namna hiyo aziunganishe: mambo matatu kwa mzunguko mmoja, injini ikiwa tayari ya moto.

Nipimeje ulaji wa mafuta nipate namba ya kuaminika?

Jaza tangi mpaka nozeli ikate yenyewe, usiongezee. Rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri. Tumia gari kama kawaida yako mpaka tangi libaki robo hivi. Rudi kwenye pampu ileile, simama upande uleule, jaza tena mpaka ikate mara ya kwanza. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia sasa. Mfano: kilomita 612 kwa lita 31.4 ni 19.5 kwa lita, au lita 5.1 kwa kila kilomita 100. Fanya hivyo kwa matangi matatu, kisha jumlisha kilomita zote na lita zote ndipo ugawanye.

Kwa nini tangi zima? Pampu inaweza kukata mapema au kuchelewa kwa nusu lita. Kosa hilo kwenye lita 8 ni zaidi ya asilimia 6. Kwenye lita 30 halifiki asilimia 2.

Haibridi ina kosa la pili ambalo gari la kawaida halina, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Betri ya Prius ya kizazi cha pili au cha tatu ina takriban kilowati-saa 1.3, na kompyuta huicheza kati ya asilimia 40 na 80 hivi. Kwa hiyo kuna nusu kilowati-saa inayoweza kuwa ndani au nje. Lita ya petroli, ikishapita kwenye injini, inatoa kazi ya kilowati-saa 3 hivi. Maana yake ni kwamba betri iliyojaa ni sawa na petroli ya lita 0.17 iliyofichwa. Safari ya kilomita 10 inakula nusu lita. Ukiianza betri ikiwa juu na kuimaliza ikiwa chini, umeficha theluthi moja ya mafuta yako! Kwenye kilomita 500 kosa hilohilo halifiki asilimia 1.

Basi yule anayekuonyesha skrini yenye kilomita 35 kwa lita baada ya kuzunguka mtaa mara moja hajakuonyesha kitu. Kama ni lazima kupima kwa safari fupi, maliza na vijiti vilevile vya betri (vile vya kwenye skrini vinavyoonyesha chaji) ulivyoanza navyo, na urudi pale ulipotokea ili mlima na mteremko vilipane.

Skrini inasema 21, pampu inasema 19.5. Nani mkweli?

Pampu. Kompyuta haipimi mafuta yanayopita. Inayakadiria kwa muda ambao nozeli za injini zimefunguka. Makadirio hayo kwa kawaida hulipendelea gari kidogo. Pengo likiwa lilelile mwezi hadi mwezi, skrini bado inafaa kulinganisha leo na jana.

Hata pampu ina mwenza asiye mkweli sana, nao ni matairi. Tairi la 195/65 R15 jipya lina nusu kipenyo cha milimita 317 hivi. Kashata zikiisha kutoka milimita 8 hadi 2, tairi limepungua milimita 6, karibu asilimia 2, na odometa inahesabu kilomita ambazo hukuzitembea. Ukibadilisha matairi ukaona gari limeanza kula zaidi, angalia hilo kwanza kabla ya kumlaumu fundi.

Inaokoa mafuta zaidi wapi, kwenye foleni au barabara kuu?

Kwenye foleni na mitaa yenye taa. Gari la kawaida likisimama linaendelea kunywa, na ukikanyaga breki nguvu yote inageuka joto kwenye diski. Haibridi inazima injini, na mota inageuka jenereta inayorudisha sehemu ya mwendo huo kwenye betri.

Barabara kuu haina cha kurudisha. Upepo unaopinga gari unaongezeka kwa mraba wa spidi: kutoka 90 hadi 110 unaongezeka karibu nusu nzima, na ni injini inayoulipia. Faida inayobaki hapo ni injini yenyewe, maana nyingi zinatumia mzunguko wa Atkinson unaobana matumizi, pamoja na umbo la gari. e-Power inaumia zaidi kwa spidi hizi kwa kuwa kila kitu lazima kigeuzwe umeme kwanza. Honda e:HEV inalikwepa hilo kwa klachi inayofunga injini moja kwa moja kwenye magurudumu ukifika mwendo wa barabara kuu.

Kosa moja la foleni: kuweka gia kwenye N. Katika haibridi nyingi za Toyota betri kubwa haichajiwi ukiwa N. Kiyoyozi kinaendelea kuivuta, vijiti vinashuka, na baadaye injini inapiga kelele kulipia deni. Kaa kwenye D ukiwa umekanyaga breki, au weka P.

Nina saa moja ya kulijaribu gari lililotumika. Nifanye nini?

Omba likutwe baridi, halijawashwa tangu usiku. Shika boneti ya injini; kama ina joto, mtu ameliandaa kwa ajili yako. Kabla ya kuwasha, fungua mlango wa dereva na utege sikio. Kwenye Toyota nyingi pampu ya breki itavuma sekunde chache kisha itanyamaza. Hiyo ni kawaida. Ikiwa inavuma, inanyamaza, inavuma tena kila baada ya sekunde chache ilhali hujagusa breki, mfumo wa breki unavuja presha kwa ndani, na hiyo ni kati ya vipuri ghali zaidi kwenye gari zima.

Washa. Subiri taa ya READY. Ukimya si ubovu. Injini ikijiwasha, sikiliza sekunde kumi za kwanza. Kwenye injini ya Toyota ya 1.8, 2ZR-FXE, hasa za miaka ya 2010 hadi 2015, kutetemeka kwa nguvu asubuhi kisha kutulia ni ishara ya kuogopwa. Mfumo wa EGR unaorudisha moshi kwenye injini huziba kwa masizi, na gasketi ya silinda hedi huishia kupitisha maji. Fungua boneti utazame vyombo vyote viwili vya kulanti, maana inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uifae mota, ina chake peke yake. Cha injini kikiwa chini bila dalili ya kuvuja nje, ulizia historia kwa ukali.

Kisha endesha, ukiweka skrini ya mtiririko wa nguvu. Dakika kumi za kwanza, mitaani, tazama vijiti vya betri. Betri isiyo na ubovu hupanda na kushuka kwa utulivu. Ikitoka chini hadi kujaa ndani ya dakika mbili tatu, halafu ikamwagika kwa taa moja ya barabarani, imepoteza uwezo wa kuhifadhi.

Tafuta kilima. Simama katikati, kisha panda kinyumenyume. Watu hawafanyi jaribio hili, na ni zuri kuliko yote: haibridi za Toyota hazina gia ya riverse, mota peke yake inazungushwa kinyume kwa umeme. Mota, inveta au betri yenye udhaifu itajionyesha hapo.

Shuka kwa breki ya polepole mpaka kusimama. Mwishoni kabisa, mota inapokabidhi kazi kwa pedi za kawaida, unaweza kuhisi mguso mdogo sana. Mshtuko au pedeli inayozama haikubaliki. Kama gari ni Honda yenye gia boksi ya klachi mbili, ile i-DCD, tembea pia kwa mwendo wa kutambaa kwa dakika tano. Kuruka na kugugumia hutokea hapo, si kwenye mwendo wa kasi.

Malizia na kilomita kumi za barabara kuu, kisha simama na usogeze sikio kwenye siti ya nyuma. Feni ya betri inayovuma kwa nguvu ilhali ndani kuna baridi inamaanisha betri ina joto lisilo la kawaida au njia ya hewa imeziba.

Tukijaa watano na buti likajaa, itapanda milima?

Itapanda, ila ujue nguvu inatoka wapi. Prius ya kizazi cha tatu inatajwa kuwa na nguvu farasi 134, na injini yake ya petroli ina 98. Zilizobaki zinatoka kwenye betri. Kwenye mlima mfupi unazo zote. Kwenye mlima mrefu vijiti vinashuka hadi viwili vya mwisho, kompyuta inailinda betri, na unabaki na farasi 98 wanaobeba watu watano. Injini inalia kwa sauti moja ndefu na spidi haiongezeki. Hakuna kilichoharibika. Ondoa mguu kidogo, usijaribu kulipita lori wakati huo.

Kushuka nako kuna lake. Betri ikijaa katikati ya mteremko mrefu, haina pa kuweka umeme zaidi, na breki za kawaida zinaachiwa kazi yote. Weka gia ya B mapema. Injini itazungushwa bila petroli ili ivute gari nyuma, na kelele yake itakushtua mara ya kwanza. Kwenye barabara tambarare rudi D. B haichaji vizuri zaidi, na mara nyingi inapoteza.

Kabla ya kununua, inua sakafu ya buti. Kwenye baadhi ya magari betri imekula nafasi ya tairi la akiba.

Kiyoyozi kinakula kiasi gani?

Kompresa ni ya umeme, hivyo inaendelea kupoza hata injini ikiwa imezima. Ukiwa umesimama nayo ikavuta kilowati 1, ile nusu kilowati-saa ya betri inaisha kwa nusu saa, na injini itakuwa ikijiwasha na kuzima kuirudisha. Gari likiwa limeanikwa juani, fungua vioo dakika moja hewa ya moto itoke, ndipo uwashe, halafu weka mzunguko wa hewa ya ndani.

Usikizime kwa ubahili. Kwenye magari mengi betri inapozwa kwa hewa ya ndani, kupitia tundu lenye matundu madogo pembeni ya siti ya nyuma au chini yake. Betri inavuta hewa ileile mnayovuta ninyi. Chuchumaa ulitazame tundu hilo: ndipo blanketi la mtoto linapoegemea, ndipo makombo ya biskuti na manyoya ya mbwa yanapoishia. Safisha kichujio chake kila unapomwaga oili. Kama gari halina kichujio, feni yenyewe ifunguliwe isafishwe, maana vumbi hutengeneza utando mzito kwenye mapezi yake.

Nitajuaje betri kubwa imechoka kabla taa haijawaka?

Kwa mashine ya OBD2, ile inayochomekwa kusoma kompyuta ya gari, na programu inayosoma betri ya haibridi. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina moduli 28, na kompyuta inazisoma mbilimbili, yaani bloku 14 zenye volti 14.4 kila moja kwa jina. Zitazame gari likipanda kwa mguu mzito. Zote zitashuka, la muhimu ni kama zinashuka pamoja. Tofauti ya sehemu mbili tatu za kumi za volti isikusumbue. Bloku moja ikiporomoka volti 1 au zaidi chini ya wenzake, hiyo ndiyo itakayoleta msimbo wa P0A80, unaodai betri ya haibridi ibadilishwe.

Kubadilisha moduli moja iliyokufa kunawezekana, na gari litaondoka gereji likitembea. Lakini moduli zilizobaki zina umri uleule, na ile mpya haitalingana nazo. Mara nyingi baada ya miezi inakufa nyingine. Kwa gari la familia, badilisha betri nzima au usinunue gari hilo.

Asiye na mafunzo asifungue betri hii. Nyaya za rangi ya chungwa zinabeba zaidi ya volti 200, na hata baada ya kuchomoa plagi ya usalama inabidi kusubiri kapasita za inveta zimalize chaji yake.

Gari limekataa kuwaka na dashibodi inameta taa zote. Ni betri kubwa?

Karibu kila mara ni ile ndogo ya volti 12. Haizungushi injini, ila ndiyo inayoamsha kompyuta, na ikidhoofika hutoa makosa ya ajabu ajabu. Ipime asubuhi gari likiwa limezimwa: 12.6 ni nzima, chini ya 12 imekwisha. Gari likiwa READY inapaswa kuonyesha kama 14, kutoka kwenye kigeuzi cha umeme, kwa kuwa hakuna altaneta. Ikiwa inakaa ndani ya buti, inunuliwe ya aina iliyofungwa yenye mrija wa kutolea gesi nje. Waweza kuliamsha gari lako kwa betri ya mwenzako. Usitumie haibridi kuamsha gari la mwingine.

Kitufe cha EV, kile cha kulazimisha gari litembee kwa umeme tu, kinaokoa mafuta?

Hapana. Umeme ule ulitoka kwenye petroli au kwenye breki, na ukiumaliza kwa kulazimisha, injini itaurudisha kwa gharama. Kitumie kusogeza gari ndani ya maegesho. ECO inalegeza tu pedeli na kiyoyozi; PWR inafanya kinyume. Nguvu ya gari ni ileile.

Niendesheje basi?

Usitambae. Kosa la wageni wa haibridi ni kukanyaga kidogo mno ili injini isiwake, wakachosha betri na wenye haraka nyuma yao. Ondoka kwa mguu wa kawaida mpaka spidi unayoitaka, achia kabisa injini izime, kisha gusa pedeli kiasi cha kulishikilia gari bila sindano ya dashibodi kuingia CHG (eneo la kuchaji betri) wala kupanda. Breki ianze mbali, laini, sindano ikiwa ndani ya CHG. Ukikanyaga kwa ghafla pedi zinachukua kazi na umeme unapotea.

Upepo wa matairi upime asubuhi yakiwa baridi, kwa namba ya kibandiko cha mlango wa dereva. Oili ikiandikwa 0W-20, weka 0W-20. Nzito zaidi inaonekana kwenye ulaji.

Pedi za breki hazijaisha kwa miaka mingi. Niziache?

Unene wake acha, lakini zifunguliwe. Kwa kuwa hazitumiki sana, pini za kaliper hukauka na kukwama, na gurudumu moja linaanza kuburuta. Baada ya safari, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, umepata anayekunywa mafuta yako.

Gari likiharibika njiani, livutwe kwa kamba?

Hapana. Magurudumu yanayosukuma yakizunguka yanaizungusha mota, nayo inazalisha umeme. Lipakiwe lote juu ya gari la kubebea, au magurudumu hayo yainuliwe.

Na petroli ikiisha, nisogee kwa umeme?

Mita mia chache za kutoka njiani, basi. Ukiendelea, betri inashuka chini ya kiwango chake, na injini inategemea betri hiyohiyo kuzungushwa iwake. Ukifika hapo, dumu la petroli peke yake halitakuwasha tena.